Kisahani Alichokikataa Mzee Wandera

Nyinyi vijana wa kiwandani mmenisumbua vya kutosha. Kila Jumamosi mnakuja hapa kwangu, mnakunywa chai yangu, mnamaliza viazi vitamu vyangu, halafu mnaniambia, "Mama, tuandikie basi vile mlikuwa mnatoa chuma kwa udongo kabla hizi mashine zije." Haya, nimenunua daftari. Lakini msitegemee nianze mwanzo niende hadi mwisho kama mwalimu. Kichwa changu hakijapangwa hivyo, na kazi yenyewe haikunijia kwa mpangilio.

Kwanza mjue tulikuwa tunapigana na nani. Simama hapo Malaba uangalie chini. Udongo ni mwekundu, na ule wekundu ni chuma. Lori likipita, vumbi linalokujaa puani ni chuma. Maji ya kisima ukiyalaza kwenye ndoo, asubuhi unakuta kutu imekaa chini. Mvua ikinyesha juu ya mabati ya zamani, inashuka na kutu. Katikati ya wekundu wote huo, sisi tuliajiriwa tufanye udongo uwe mweupe pe. Ukifikiria vizuri unaona ilikuwa kazi ya wendawazimu.

Udongo wenyewe ulikuja na malori kutoka upande wa Uganda. Ukiwa mkavu unauona mweupe, unafurahi. Ukiuchoma kwenye tanuri, unatoka rangi ya maziwa yaliyoguswa na chai. Mnunuzi wetu alikuwa mtu wa vikombe na sahani, na hakuna mtu anataka kununua kikombe kipya kinachoonekana kama kimeshanywewa na mwingine.

Mimi niliingia pale nikiwa msichana kutoka Amukura, kazi yangu kufagia. Fundi mkuu wa kuosha alikuwa Mzee Wandera, mtu wa Matayos, mrefu, mkali, na koti la kijivu ambalo halikuwahi kuwa na kifungo. Siku ya kwanza alinisimamisha mlangoni na ufagio wangu.

"Wewe msichana, nyeupe ni nini?"

"Ni rangi ya maziwa, mzee."

"Maziwa ni ya njano. Enda ukaangalie tena."

Nilienda nikaangalia. Kwa jina la Mungu, maziwa ni ya njano. Siku hiyo nilijua nimepata mwalimu, na pia nilijua ataniumiza kichwa.

Wacha niwaambie makosa yangu mawili kabla hamjayasikia kwa Ekisa wa pampu, kwa maana yeye huongeza chumvi. Kosa la kwanza, chujio lilitoboka, na mimi nikiwa hodari wa kujifanya hodari nikaliziba na waya wa kufungia vyuma vya ujenzi. Udongo ulipita vizuri, ukakauka mweupe, nikajipongeza. Ulipotoka kwenye tanuri ulikuwa na madoadoa ya kahawia, kila doa kama kichwa cha kiberiti. Kutu haionekani mbichi, jamani. Inangoja moto. Mzee alichukua kisahani kimoja, akaniwekea mkononi, akasema nitembee nacho mfukoni mwezi mzima. Nilitembea nacho.

Kosa la pili lilikuwa la haidrosi. Mnaijua, ile poda nyeupe ambayo watu wa kupaka nguo rangi huitumia kufuta rangi. Kwanza tunatia asidi kidogo mpaka maji yawe makali kama ya ndimu, halafu haidrosi, halafu tunafunika tangi. Ile poda inakishika chuma kilichoshikamana na udongo, inakilainisha, kinaingia kwenye maji. Unafunua baada ya muda, unaona udongo umebadilika mbele ya macho yako. Hapo ndipo wengi hufurahi mapema. Chuma kiko kwenye maji bado, hakijaondoka. Usipoyamwaga yale maji mara moja na kusuuza, hewa ikiingia kinarudi kwenye udongo kama mtu aliyesahau kofia. Mimi nilifunua, nikaona weupe, nikaenda kununua samaki kwa mama mmoja aliyekuja nao kutoka Budalang'i. Tulibishana bei. Kurudi, tangi lote lilikuwa limerudi njano. Mzee hakunigombeza. Alikula samaki wangu wote, akaniachia kichwa.

Na titaniamu, yale madini mengine yanayokaa ndani ya udongo? Ile ni ngumu zaidi. Haidrosi haiigusi. Zile chembe zake nyeusi nzito tulikuwa tunazilaza: unazimua udongo kwa maji mengi, unaweka kidogo ile dawa nzito kama asali ambayo watu wa sabuni hutumia, udongo unaelea, mchanga mweusi unazama, nawe unavuta wa juu pole pole bila kutikisa. Halafu unapitisha kwenye mfereji tuliopanga sumaku kali. Baadaye boss alinunua ile mashine kuukuu ya sumaku ya umeme yenye nyuzi za chuma ndani, ukiiwasha inanasa, ukiizima unasuuza takataka. Lakini titaniamu iliyosagika laini kabisa hatukuiweza, na nyinyi pia hamuiwezi, msinidanganye. Mzee alinifundisha tusihangaike nayo. Ikiwa peke yake haina ubaya mkubwa. Ikikutana na chuma ndani ya tanuri ndipo zinaleta ule unjano. Kwa hiyo toa chuma, iache titaniamu bila rafiki.

Sasa niwaambie jambo ambalo sijawahi kuwaambia.

Kulikuwa na mwaka mmoja visahani vilianza kukataliwa. Kila tangi likimalizika tulichoma kisahani kidogo, upana wa kifuniko cha chupa ya soda, na Mzee Wandera ndiye alisema kama udongo utoke au urudi. Mnunuzi hakuwa ametukataa bado. Aliyekataa ni mzee mwenyewe. Alianza na tangi moja, yakawa mawili, mwishowe yakawa yote. Anashika kisahani, anakipeleka dirishani, anakigeuza kwenye mwanga, anasema, "Bado iko na chuma. Rudisha."

Tulikitafuta hicho chuma kama watu waliopoteza mtoto sokoni. Tulitoa vichujio vyote vya waya tukaweka vya nailoni. Tulikata mifereji ya mabati, tukafunika sehemu ya kuanikia kwa turubai upande wa barabara. Mimi niliambiwa nivue bangili na herini. Wanaume waliacha funguo kwa geti. Ekisa, ambaye wakati huo alikuwa kijana wa pampu mwenye maringo, alivuliwa mshipi kwa sababu ya kile chuma cha kufungia, akafanya kazi wiki mbili suruali ikiwa imefungwa na kamba ya katani. Tuliosha udongo mara tatu. Haidrosi ilikuwa inaisha kama sukari msibani. Na bado mzee anasema, "Rudisha."

Boss wetu, mama mmoja wa Nambale asiyependa maneno mengi, alikuja akasimama nasi uwanjani.

"Mzee, mnunuzi amengoja miezi miwili," akasema. "Mwezi huu ukiisha bila mzigo, anaenda kwingine, na mimi nitafunga. Kama shida ni udongo, niambie. Kama shida ni fundi, itabidi nitafute fundi."

Mzee alitoa kofia akaikung'uta, akairudisha. Nilimwangalia mikono. Mikono ile ilikuwa imeosha udongo tangu kabla sijazaliwa, na haikujua kazi nyingine. Wiki tatu zilikuwa zimebaki.

Kulikuwa na kisahani kimoja tulichokiita cha mfano. Kilitoka kwenye mzigo wa kwanza kabisa ambao mnunuzi alikubali. Yeye alibaki na kimoja, sisi tukabaki na kimoja, na mzee alikikwaruza alama ya msalaba chini yake kwa ncha ya msumari. Kilikuwa kwenye droo, kimefungwa kitambaa. Zamani mzee alikuwa anakitoa kila mara, analinganisha. Kisha aliacha. Alisema amekishika kichwani, na sisi tulimwamini, maana alikuwa mtu aliyeona unjano wa maziwa.

Jumatatu moja nilikitoa mimi. Nilikiweka kando ya kisahani alichokataa asubuhi hiyo, nikasimama navyo mlangoni kwenye jua. Sikuona tofauti. Nikajiambia ni ujinga wangu. Halafu nikafanya kitu ambacho mpaka leo sijui kama kilikuwa adabu: nilipanga visahani vinne vipya kwenye sinia, na cha mfano nikakitia katikati, alama ikiangalia chini, nikampelekea.

Alivichukua kimoja kimoja.

"Njano," akasema. "Njano. Hii nayo ni njano mbaya. Njano. Rudisha yote."

Ile njano mbaya ilikuwa cha mfano.

Nilikitia mfukoni mwa aproni nikaenda nyuma ya banda la kuanikia, nikalia. Sioni aibu kuwaambia. Hapo ndipo mambo madogo madogo yalinirudia. Mzee alikuwa anamwaga chai mpaka inafurika kikombe. Alikuwa anapapasa kwa mguu kabla ya kuvuka mtaro. Alikuwa anangoja useme ndipo akuite jina. Sote tulikuwa tumeona, na kila mmoja alijipa sababu yake. Udongo ulikuwa mweupe siku zote hizo. Macho yake ndiyo yalikuwa yanaupaka rangi.

Mtaniuliza kwa nini sikumwambia palepale. Nyinyi mngemwambia? Mtu aliyekufundisha nyeupe ni nini, umwendee umwambie haioni tena? Na boss ameshasema atatafuta fundi? Nilinyamaza Jumanne. Nilinyamaza Jumatano. Alhamisi nilipata wazo, na wazo langu lilikuwa la mtu anayefua nguo. Shati jeupe likianza kuwa njano tunafanya nini? Tunalitia buluu. Basi nilipitia Malaba sokoni, nikanunua pakiti za buluu mkono mzima, na Ijumaa asubuhi nikazimimina kwenye tangi la tatu. Nilifikiri nikiuongezea udongo rangi kidogo ya mbingu, mzee atauona mweupe, atasema utoke, mzigo utaenda, kila mtu atabaki na kazi yake.

Sikukumbuka kwamba ndani ya tangi kuna asidi.

Harufu iliyotoka pale, watoto wangu. Ya yai bovu, yai lililosahauliwa na kuku mwenyewe. Buluu ikapotea majini kama haijawahi kuwepo, harufu ikabaki. Watu walianza kumwangalia Ekisa, naye akaapa kwamba amekula ugali na sukuma peke yake. Mzee Wandera akatoka ofisini kwake akinusa, akaja moja kwa moja mpaka tangi la tatu bila kupapasa.

"Nani ametia nini hapa?"

Akainama juu ya tangi, akanusa tena.

"Haidrosi inanuka kiberiti. Hii ni yai bovu. Hii ni buluu imekutana na asidi. Nani ametia buluu kwa tangi yangu?"

"Ni mimi, mzee."

Aligeuka kutafuta sauti yangu. "Wewe? Miaka yote nakufundisha kutoa, leo umeanza kuweka? Na unajua hata ingekaa, tanuri ingeila yote?"

"Nilitaka uione nyeupe."

"Kwani mimi naionaje?"

Niliwaomba wengine watuache kidogo. Ekisa alienda huku akijinusa. Nikatoa kisahani mfukoni nikamwekea kiganjani, maana sikuwa na maneno ya kutosha.

"Kipapase chini, mzee."

Alikipitisha kidole gumba. Akaisikia alama. Akaipapasa tena na ukucha, polepole, jinsi mtu anavyopapasa kovu lake mwenyewe.

"Hii ni ya mfano."

"Ndio."

"Ilikuwa kwa sinia."

"Ndio, mzee. Jumatatu. Ulisema ni njano mbaya."

Alikaa kwenye ukingo wa tangi. Nilidhani atanifukuza. Pampu ilikuwa inanguruma, na nilishukuru kwa ile kelele.

"Boss anajua?"

"Hapana."

"Ekisa?"

"Hapana. Ni mimi tu."

"Umejua tangu Jumatatu, na leo ni Ijumaa."

"Nilikuogopa, mzee."

"Hapana," akasema. "Ungeniogopa ungenyamaza tu. Wewe umenihurumia. Huruma yako imeniharibia tangi nzima." Kisha akanyoosha mkono, akashika wangu juu ya kiwiko. Hakuwahi kunishika mkono kabla ya siku ile. "Nipeleke kwa boss. Nitasema mwenyewe, lakini ile ngazi ya pale siioni vizuri."

Alimwambia boss kila kitu, mpaka ile njano mbaya. Hakuficha kitu na hakunitaja kwa ubaya. Boss akauliza, "Ukienda kutibiwa, nani atasema nyeupe?"

"Huyu."

Alisema hivyo bado ameshika mkono wangu. Mzee akaongeza, "Na atumie cha mfano kila siku. Asifanye kama mimi."

Hospitalini walisema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, na kwamba ugonjwa huo hufanya mtu aone vitu kama kupitia chai. Mzee alicheka aliposikia neno chai. Wangemtibu jicho la kulia kwanza, la kushoto lingoje. Mimi ndiye nilimsindikiza, kwa sababu alimkataa kila mtu mwingine. Alipokuwa akingoja kuitwa ndani alikuwa mtu mdogo kwenye benchi, koti limemzidi. Aliniambia, "Nikitoka huko sioni kabisa, usiniache nirudi kiwandani kuulizia kazi." Nikamwambia sitamwacha.

Alirudi kiwandani siku chache kabla ya mwezi kwisha. Mimi nilikuwa nimepitisha matangi mawili kwa kulinganisha na cha mfano, na usingizi ulikuwa umenihama kwa woga. Mzee hakusalimia mtu. Alienda dirishani, akaomba sinia. Akafunika jicho la kushoto kwa kiganja, akaangalia. Akafunika la kulia, akaangalia. Akarudia mara nyingi, kama mtoto anayecheza.

"Hili, nyeupe pe," akasema. "Hili, chai ya maziwa." Akacheka mpaka nikamkumbusha kwamba daktari amekataza machozi. Halafu kicheko kikaisha ghafla. "Ule udongo wote niliosema mrudishe, ule ulioshindikana. Niliwaambia muumwage shimoni."

Tuliangaliana. Ukweli ni kwamba hatukuwa tumeumwaga. Ekisa alikuwa ameupanga nyuma ya banda kwenye magunia, akaufunika na turubai, kwa sababu mgongo wake ndio ulioubeba na hakutaka uende bure. Tukampeleka mzee. Alifungua gunia baada ya gunia, akatia mkono, akatoa konzi kwenye jua, akaiangalia na jicho zuri. Mzigo wa mnunuzi ulikuwa pale pale, umejaa, umengoja.

Alipofunga gunia la mwisho alituita wote. Alivua kofia. Mtu wa umri wake, mbele ya watoto kama sisi.

"Mliosha vizuri," akasema. "Mimi ndiye nilikuwa mchafu. Mnisamehe." Halafu akamtafuta mmoja kwa macho. "Ekisa, mshipi wako haukuwa na makosa."

Lori lilipakiwa kesho yake, na mnunuzi hakurudisha hata gunia moja. Mzee alifanya kazi miaka mingine kadhaa. Jicho la pili alichelewa kulitibu makusudi. Alikuwa akisikia kiburi kinamjia, anafunika lile zuri, anaangalia kisahani kwa lile bovu, anakohoa, anaondoka. Alishatutoka. Nilimlilia kama baba.

Sasa kwa nini nimeandika haya badala ya kuwaandikia vipimo vya asidi? Vipimo mnavyo, vimebandikwa ukutani.

Ni kwa sababu ya Jumamosi iliyopita. Brenda, wewe uliniletea kisahani kutoka tangi jipya. Nilikishika hapa kibarazani, nikakigeuza kwenye mwanga, nikakwambia bado kina chuma, mrudishe. Wewe ukasema, "Sawa, mama." Ukamwangalia mwenzako. Mkakifunga kwenye karatasi, mkamaliza chai, mkaniaga vizuri sana, vizuri kuliko siku zote.

Nimeuwaza huo uzuri wiki nzima. Labda kisahani kilikuwa njano kweli. Siwezi kujua peke yangu, na hilo ndilo nililotaka mlijue: mwenye jicho hawezi kulipima kwa jicho hilohilo.

Kwa hiyo rudi, Brenda. Usingoje Jumamosi. Ukiona nilikosea, niambie, na uniambie ukiwa umekaa karibu. Nitakasirika, najijua. Nitakuambia hujui kitu, nitakuambia nimeanza kazi hii kabla mama yako hajaolewa. Wewe kaa tu hapo mpaka nimalize, halafu unishike mkono twende.